Kama tezi zimechoka, mbona dawa inashusha kotisoli?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala yenu ya afya kuhusu ashwagandha, ile iliyoeleza kwamba unga wa mizizi ya mmea huo hufufua tezi za adrenali zilizochoshwa na msongo wa mawazo. Barua ni ndefu kidogo. Ikate utakapoona inafaa, ila sehemu inayohusu kotisoli naomba uiache kama ilivyo, maana ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, sasa nimestaafu. Si daktari na sijidai kuwa daktari. Kazi yangu ilikuwa kutoa damu, kutenganisha seramu, kupima na kuandika majibu, na kwa miaka mingi nilikaa kwenye meza ya homoni. Wagonjwa wengi niliwajua kwa vichupa vyao kuliko kwa sura zao. Ndiyo maana mtu akiniambia dawa fulani inaimarisha tezi fulani, swali la kwanza linalonijia ni hili: mlipima nini, na mlipima saa ngapi?

Hilo la saa si utani. Kotisoli, homoni kuu ya tezi hizi, hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Huanza kupanda usiku mkubwa, hufika kilele asubuhi muda mfupi baada ya mtu kuamka, kisha huteremka mchana kutwa mpaka karibu na saa sita usiku inapokuwa chini kabisa. Damu iliyotolewa saa mbili asubuhi na ile iliyotolewa saa kumi jioni, kwa mtu yule yule asiye na ugonjwa wowote, zinaweza kupishana kwa nusu au zaidi. Fomu ikinifikia bila saa ya kutoa damu niliirudisha ilikotoka. Wauguzi walinichoka, lakini jibu la kotisoli lisilo na saa halimsaidii mtu. Linampa daktari namba tu ya kuangalia.

Na si saa peke yake. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huonekana ana kotisoli nyingi, kwa sababu vidonge hivyo huongeza protini inayoibeba homoni hiyo kwenye damu. Anayemeza prednisoloni, dawa ya steroidi inayofanana na kotisoli, anaweza kukudanganya pia, kwani vipimo vingi huiona dawa hiyo na kuihesabu kana kwamba ni kotisoli. Halafu kuna woga wa sindano. Wapo watu ukiwafunga mpira mkononi tu jasho linawatoka, na tezi zao zimeshafanya kazi kabla hujapata mshipa. Mtu huyo huyo akirudi baada ya wiki kadhaa, ameshakuzoea, ameshajua kiti kilipo, kotisoli inaweza kushuka bila kumeza chochote. Wasomaji walishike hilo la mwisho, nitalirudia.

Sasa tezi zenyewe. Ziko mbili, kila moja imekaa juu ya figo moja, na uzito wake ni gramu chache tu. Gamba la nje hutengeneza kotisoli, aldosteroni inayotunza chumvi na maji mwilini, pamoja na homoni za jamii ya zile za kiume. Kiini cha ndani hutoa adrenalini. Lakini tezi hizi hazijiamulii. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huipa ishara tezi ndogo ya pituitari chini ya ubongo, pituitari hutoa homoni ya ACTH, ACTH husafiri kwenye damu na kuziamrisha adrenali zitoe kotisoli. Kotisoli ikitosha, ubongo huona na kupunguza amri. Huo ndio mfumo mzima, na anayetaka kuzungumzia afya ya adrenali bila kuutaja anazungumzia kitu kingine.

Wazo la tezi kuchoka lina historia yake. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alieleza jinsi panya waliopewa mateso ya aina tofauti walivyoishia kuwa na dalili zinazofanana: tezi za adrenali zimevimba, tezi ya thimasi imenywea, tumbo lina vidonda. Baadaye aligawa mwitikio wa mwili katika hatua tatu, ya tahadhari, ya ukinzani na ya kuishiwa nguvu. Hatua hiyo ya tatu ndiyo iliyokuja kuchukuliwa na wauzaji. Mwaka 1998 Mmarekani James Wilson, tabibu wa tiba mbadala, akatoa jina la uchovu wa adrenali: kwamba msongo wa muda mrefu huzikamua tezi hadi zinashindwa kutoa kotisoli ya kutosha, na ndiyo maana mtu anaamka hana nguvu, anasahau, hana hamu ya kitu.

Angalieni vizuri walivyokutwa panya wa Selye. Tezi zao zilikuwa kubwa. Tezi inayopigwa na ACTH kila siku hunenepa na kuongeza uzalishaji. Kama kutumikishwa kungeichosha, wagonjwa wa Cushing wangepona wenyewe. Hawa mara nyingi huwa na uvimbe mdogo kwenye pituitari unaomwaga ACTH usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, na tezi zao hazichoki hata siku moja; huendelea kufurika kotisoli mpaka mifupa inakuwa dhaifu, misuli ya mapaja inaisha na sukari inapanda. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazil, Cadegiani na Kater, walipitia tafiti 58 zilizojaribu kuhusisha uchovu na adrenali. Matokeo yalikuwa yakigongana, mbinu za kupimia zilikuwa tofauti tofauti, na hitimisho lao ni kwamba hakuna uthibitisho kuwa hali hiyo ni ugonjwa. Chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, kina msimamo huo huo.

Sisemi waliochoka wanajifanya. Uchovu wao ni wa kweli kabisa. Nimepima damu za watu waliotumwa kwangu kutafutiwa tatizo la adrenali, na majibu ya vipimo vingine yakaonyesha upungufu wa damu, au thairoidi iliyolala, au sukari ambayo hakuna aliyeijua. Wengine damu yao ilikuwa safi na tatizo lilikuwa usingizi, au sonona, au kazi mbili na watoto watatu. Shida ya jina la uchovu wa adrenali ni kwamba likishabandikwa, utafutaji unakoma.

Tuje kwenye mmea. Sina ugomvi na dawa zitokanazo na mimea. Artemisinini, inayookoa wagonjwa wa malaria dunia nzima, ilitolewa kwenye mmea uliotajwa katika maandiko ya zamani ya tiba ya Kichina, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ila tukumbuke kilichofanyika: mmea uliingizwa maabara, ukakamuliwa kwa njia mbalimbali, ukajaribiwa kwa wanyama na watu, mpaka ikajulikana ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi na kwa dozi gani.

Ashwagandha, ambayo wanasayansi huiita Withania somnifera, ni kichaka cha ukoo mmoja na nyanya na mnavu. Hukua India, Mashariki ya Kati na sehemu za Afrika, na katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mizizi yake imetumika karne nyingi kama dawa ya kurudisha nguvu na kuleta usingizi. Kuuita adaptojeni ni jambo la juzi tu, na halikutoka India. Mrusi Nikolai Lazarev ndiye aliyelianzisha neno hilo mwaka 1947, na mwenzake Israel Brekhman akaweka masharti: kitu hicho kisiwe na madhara, kiusaidie mwili kukabili mateso ya aina yoyote, na kirudishe mambo katika hali ya kawaida iwe yamepanda au yameshuka. Sharti hilo la tatu linavutia mno masikioni. Dawa inayoshusha kilichopanda na kupandisha kilichoshuka! Kwa mtu wa maabara ni sharti la kutia wasiwasi, maana dawa ya namna hiyo haiwezi kushindwa mtihani. Namba ikienda juu imefanya kazi, ikienda chini imefanya kazi.

Utafiti ambao makala yenu iliutegemea ni wa India, wa mwaka 2012. Watu wazima 64 wenye msongo wa muda mrefu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miligramu 300 za dondoo ya mizizi mara mbili kwa siku, jingine vidonge bandia, kwa siku 60. Waliomeza dondoo walijieleza kuwa msongo wao umepungua kwa asilimia 44, wa vidonge bandia asilimia 5.5. Kotisoli ya kundi la dondoo ilishuka kwa asilimia 27.9, na ya kundi la vidonge bandia asilimia 7.9. Mwaka 2019 watafiti wengine waliwapa watu 60 dondoo tofauti, miligramu 240 kwa siku, na wao pia wakakuta wasiwasi umepungua na kotisoli ya asubuhi imeshuka. Zipo tafiti nyingine za ukubwa kama huo, na kwa jumla zinaelekea upande mmoja.

Huu ni ushahidi, na sitaki kuudharau. Ni ushahidi mdogo: makundi ya watu wachache, muda wa miezi miwili, dondoo za kampuni tofauti ambazo hazifanani kwa nguvu, na katika baadhi ya tafiti kampuni inayouza dondoo ndiyo iliyogharamia. Ile kotisoli kushuka kwa asilimia 7.9 kwa waliomeza vidonge bandia nayo inazungumza. Ndiyo ile niliyoisema ya mtu kuzoea sindano, pamoja na mambo mengine ya aina hiyo. Hata hivyo tofauti kati ya makundi ilikuwapo. Mtu akisema ashwagandha huenda inapunguza msongo na kusaidia usingizi kwa watu wengine, kwa muda mfupi, mimi simpingi. Taasisi za afya za serikali ya Marekani zinasema hivyo pia, kwa tahadhari hiyo hiyo.

Lakini someni tena namba zenyewe. Kotisoli ilishuka. Mwandishi wenu aliitaja hiyo asilimia 28 kwa furaha na kuiita uthibitisho kwamba tezi zimepata nguvu. Aya mbili juu yake alikuwa ametueleza kwamba ugonjwa wenyewe ni tezi kushindwa kutoa kotisoli ya kutosha! Sasa mgonjwa ambaye kotisoli yake ni haba anapewa kitu kinachoipunguza kwa zaidi ya robo, na tunaambiwa huo ndio uponyaji. Kati ya hayo mawili, moja liondoke. Ama hao watu hawana upungufu wa kotisoli, na kumbe dawa inatuliza ubongo ili usipeleke amri nyingi kwenye tezi, jambo ambalo linawezekana kabisa. Ama wana upungufu kweli, na dawa hii ni mbaya kwao. Huwezi kuuza chupa moja kwa hoja zote mbili.

Ningependa pia wasomaji wajue kwamba washiriki wa tafiti hizo hawakuwa wagonjwa wa adrenali. Tezi zao zilikuwa nzima. Tatizo lao lilikuwa msongo. Hakuna aliyepimwa uwezo wa tezi. Kipimo cha uwezo kipo, na nimekifanya kwa mikono yangu: unatoa damu ya kwanza, mgonjwa anachomwa sindano ya ACTH ya kutengenezwa, mikrogramu 250, unatoa damu tena baada ya dakika 30 na nyingine baada ya 60. Tezi yenye afya ikipata amri hiyo huitikia mara moja na namba hupanda vizuri. Anayedai mmea unaimarisha adrenali aonyeshe kipimo hiki kabla na baada ya kuutumia. Cha kushangaza, ripoti moja ya kitabibu ya mwaka 2022 ilieleza habari za mwanamke aliyekuwa akitumia ashwagandha ambaye mwitikio wa tezi zake kwenye kipimo hiki ulikuwa umepungua, na ukarudi alipoacha. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu. Ila naye angestahili mstari mmoja kwenye makala.

Adrenali kushindwa kazi kweli ni jambo lingine kabisa, na halifanani na uchovu wa Jumatatu. Daktari Mwingereza Thomas Addison alilieleza mwaka 1855, na kadhaa kati ya wagonjwa wake tezi zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Siku hizi katika nchi tajiri sababu kubwa ni kinga ya mwili kuzishambulia tezi, lakini kifua kikuu bado kimo kwenye orodha. Dalili hujitokeza sehemu kubwa ya gamba ikiwa imeshaharibika, karibu asilimia 90, ndiyo maana mtu hukaa miezi akijiona amechoka tu.

Namkumbuka mama mmoja aliyeletwa kwangu kwa kiti cha magurudumu kutolewa damu. Alikuwa amekonda, akisimama anaona kizunguzungu, na mwanawe alisema anakula chumvi kavu kwa kijiko. Alikuwa na mkebe wa unga wa mitishamba kwenye mkoba. Aliuziwa kwa ajili ya tezi zilizochoka, na wiki nyingi alikuwa akisubiri umfanyie kazi. Nilipomgeuza kiganja nitafute mshipa niliona mistari ya mkononi imekuwa myeusi, kama iliyochorwa kwa wino, na alipofungua mdomo kuzungumza fizi zilikuwa na mabaka ya rangi hiyo hiyo. Sodiamu ilitoka chini sana, potasiamu juu. Potasiamu ikiwa juu, cha kwanza unachoshuku ni seli za damu kupasuka ndani ya kichupa, basi nikatoa damu nyingine na kupima upya. Ikatoka vile vile. Sikungoja kuandika fomu, nilipiga simu kwa daktari. Alianzishiwa maji ya mishipani na haidrokotisoni siku ile ile, na baadaye alipofanyiwa kile kipimo cha sindano ya ACTH, kotisoli ya dakika ya 60 ilikuwa karibu sawa na ya mwanzo. Tezi hazikusikia amri yoyote. Nilimwona tena kliniki akitembea mwenyewe, akinilalamikia kwamba foleni ni ndefu.

Wagonjwa kama huyu hawahitaji kuimarishwa tezi, maana tezi hazipo tena kwa kazi hiyo. Wanahitaji kurudishiwa homoni: haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 15 hadi 25 kwa siku kwa mtu mzima, imegawanywa mara mbili au tatu, na mara nyingi dawa nyingine ya kushika kazi ya aldosteroni. Wakipata homa wanaongeza dozi. Wakitapika wanahitaji sindano, na haraka. Mmoja wao akishawishiwa kuacha vidonge ajaribu mizizi, siku za kukaa salama ni chache.

Kuna kundi jingine ambalo makala ililiruka, nalo ni kubwa kuliko la Addison: watu ambao tezi zao zimelazwa na dawa za steroidi. Anayemeza prednisoloni au deksamethasoni kwa muda mrefu, au anayejipaka krimu kali za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, mwili wake huona steroidi imejaa na pituitari huacha kutoa ACTH. Tezi hunywea kwa kukosa amri. Akiacha ghafla, hana chake cha kutegemea. Hawa ndio watu ambao adrenali zao zimedhoofika kweli, na tiba yao ni kupunguziwa dawa pole pole chini ya daktari.

Hapo ndipo biashara ya mitishamba inapoingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu virutubisho vilivyouzwa kama tiba ya asili ya maumivu ya viungo, ambavyo vilikutwa na deksamethasoni, na diklofenaki ya kutuliza maumivu, bila kuandikwa kwenye lebo. Miaka minne kabla ya hapo, watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 12 zilizouzwa kwa jina la kusaidia adrenali na kuzipima. Zote zilikuwa na homoni ya thairoidi, kidogo kidogo, na nyingi zilikuwa na angalau homoni moja ya steroidi. Mtu akimeza hiyo lazima ajisikie ana nguvu! Atamshukuru mmea, kumbe amemeza homoni bila kujua, na siku akiacha atajisikia vibaya na kuamini kwamba tezi zake kweli zilihitaji ile dawa.

Mchanganyiko wa namna hiyo mara nyingi huongezewa mzizi wa susi. Susi ina glisirizini, ambayo huzuia kimeng'enya kinachoikinga figo dhidi ya kotisoli; figo hushika chumvi, potasiamu hupotea, presha hupanda. Mwenye presha asiguse bila kuuliza.

Na ashwagandha yenyewe haikutimiza sharti la kwanza la Brekhman, lile la kutokuwa na madhara. Mwaka 2020 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa watano wa Iceland na Marekani waliopata madhara ya ini baada ya kuitumia, macho yakawa ya njano na ngozi ikawawasha kwa wiki kadhaa; wanne vipimo vyao vya ini vilirudi sawa walipoacha, wa tano hakuonekana tena kufuatiliwa. Inaweza kupandisha homoni za thairoidi, kwa hiyo anayetumia dawa za thairoidi ana sababu ya kukaa mbali. Kadhalika anayetumia dawa za usingizi, za kisukari au za kupunguza kinga ya mwili. Wajawazito wanashauriwa wasiitumie. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Wengine wanaona Denmark ilizidisha, na huenda ni kweli, kwa sababu wanaoitumia bila kudhurika ni wengi. Lakini mtu anayeijua hatari anaweza kuipima mwenyewe. Makala yenu iliwaambia wasomaji ni salama kwa kuwa ni ya asili.

Kwa anayeitumia tayari na haoni haja ya kuacha, naomba jambo dogo tu. Unapokwenda kutoa damu, sema unachokitumia. Sema yote: mizizi, vidonge vya nywele na kucha, krimu, sindano ya goti. Bayotini iliyomo kwenye vidonge vya nywele peke yake inaweza kuvuruga vipimo vya homoni vya mashine nyingi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha mitishamba humchosha mteknolojia, ambaye atakaa akirudia kipimo asijue namba imetoka wapi. Hakuna atakayekugombeza. Mimi sikumgombeza mtu yeyote, nilimwandika tu kwenye fomu.

Mwisho ni maswali matatu kwa mwandishi wenu, na ningefurahi akiyajibu kwenye ukurasa huu. Wale watu wawili aliowahoji, waliosema tezi zao zimepona, walipimwa kotisoli saa ngapi kabla na saa ngapi baada? Kuna aliyefanyiwa kipimo cha ACTH, au waliamini karatasi ya maswali na kipimo cha mate kilichouzwa pamoja na unga? Na yule wa pili, aliyesema aliacha prednisoloni alipoanza mizizi, nani anamfuatilia? Hilo la tatu lisisubiri toleo lijalo. Mwandishi ana namba yake ya simu. Ampigie leo, amwambie amwone daktari na aeleze kwamba aliacha steroidi ghafla. Akiwa ameanza kutapika au kuzimia, aende hospitali moja kwa moja.

Ni mimi msomaji wenu,
Mteknolojia wa maabara mstaafu